Kengele za Simiyu Zikifika Mayoni

Lumakanda, mwezi wa saba

Dada yangu Mariamu,

Asalaam aleikum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Goti lako linasemaje? Likandwe na maji ya moto, si kukaa nalo tu ukililaumu. Na miwa yenu, imeshakatwa, au bado mnangoja trekta kama mwaka jana? Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki yananitosha kwa maharagwe. Watoto nao ni wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yamenikalisha hapa chini, kwa hiyo mwambie mwanangu Hamisi akusomee polepole, na akifika pale pagumu asiruke. Namjua.

Anayeandika ni Nekesa, yule mkubwa wa binti yangu Rehema. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie maneno ya shule. Ana mwandiko mzuri kuliko sura yangu. Amecheka, na ameandika.

Ulituma neno kwamba niwalete watoto Mayoni kabla ya mwezi wa nane, nifunge mlango hapa na kurudi kwetu. Na Simiyu, mdogo wake Nekesa, atahiriwe kimyakimya zahanati kama watoto wetu wa Kiislamu, yaishe. Sikukujibu upesi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufunga nguo. Sasa nimejua la kukujibu. Lakini nikikupa jibu bila kukueleza huku kukoje, utasema Zainabu amezeeka kichwa.

Huku mahindi yamenipita urefu. Ukisimama mlangoni huoni boma la jirani, unaona moshi wake tu. Wenye mashamba wanafurahi. Mimi sifurahi. Mwezi wa pili naona mtu akitoka barabarani mpaka afike, siku hizi namwona akiwa ameshafika. Watoto wote wawili huwa hawapitingi katikati ya mahindi. Wanazunguka njia ya mbali ya mtoni, hata kama mvua imewakaribia.

Na watu wamebadilika. Jirani yetu wa upande wa chini ameuza mbuzi wote, hata yule mwenye mimba. Nilipomuuliza kwa nini, akasema nyasi hazitoshi. Nyasi hazitoshi, na mvua inanyesha kila alasiri! Pale posho mill, foleni iliyokuwa na kelele kama harusi, sasa kila mtu anatazama gunia lake. Majuzi alipita kijana nisiyemjua, amevaa koti zito juani, akaomba maji. Nikampa. Akanywa akihesabu milango kwa macho. Akaniuliza, "Mama, hapa mnalalaga wangapi?" Nikamwambia, "Tunalala wengi, na mmoja wetu halalagi." Akacheka, akarudisha kikombe, akaenda. Kikombe nilikiosha mara mbili, sijui kwa nini.

Hamisi anajua yaliyowapata watoto, lakini wewe hukuwahi kuelezwa sawasawa, uliambiwa tu kwamba mkwe wangu ameuawa kwa machafuko. Walikuwa na shamba lao kule ng'ambo ya mto. Jioni, ugali ukiwa mekoni, wakasikia watu wanakuja wakiimba, na filimbi, na vyuma vikigonganishwa. Rehema alikuwa sokoni. Baba yao akawasukuma watoto ndani ya mahindi, akamwambia Nekesa amfunike mdogo wake mdomo, akarudi kumfungua ndama. Watu wakafika wakiimba. Nyimbo zikaendelea, nyumba ikawaka. Halafu nyimbo zikakatika ghafla, zote pamoja. Kimya. Na katika kile kimya watoto walisikia sauti ya baba yao, na baadaye hawakuisikia tena.

Hapa Nekesa amesimamisha kalamu. Ananiuliza mimi bibi yake, "Kukhu, hiyo nayo?" Nimemwambia ndiyo, hiyo nayo, Mariamu si mtu wa nje. Na kama hataki kuiandika aniambie, nitamtafuta mtu mwingine, si dhambi. Amenywa maji, ameandika.

Baada ya mazishi, ndugu wa marehemu, huyu Barasa, ndiye aliyewapa mahali hapa Lumakanda. Rehema akapata kazi ya kupika katika shule ya bweni upande wa Lurambi, na mimi nikaitwa. Watu walinong'ona sana, mama mkwe kulala katika boma la wakwe zake, ni haya gani hiyo. Nikawaambia mkwe wangu yuko chini ya udongo, atakayeona haya ni nani? Barasa akanijengea chumba pembeni karibu na ua, heshima ikalindwa, maneno yakaisha. Huyo ni mtu mwema, nataka ulijue hilo kabla sijakuambia alichokifanya.

Mwaka huu kwa hawa jamaa ni mwaka wa tohara. Si kama kwetu. Mvulana mwenyewe ndiye anayesema amekuwa tayari, halafu anapewa kengele za chuma za kushika mkononi, anazunguka kwa jamaa akizigonga na kuwaalika, na nyuma yake kundi la watu wanaimba na kupuliza filimbi. Siku yenyewe alfajiri wanampeleka mtoni, anapakwa matope, anarudishwa nyumbani kwa wimbo, anasimama uwanjani. Akishasimama, wimbo unakatika. Watu wote kimya. Hapo ndipo kisu kinafanya kazi, na mvulana haruhusiwi kutikisa hata kope. Akikimbia, boma lote limeaibika, na ataitwa mwoga mpaka azeeke.

Umeshaona, dada. Nyimbo, filimbi, chuma, halafu kimya.

Simiyu alisema mwenyewe kwamba yuko tayari. Wenzake wote wa darasa lake wanaenda, na hakutaka kubaki mtoto peke yake. Nilipomsikia nikafurahi na nikaogopa, yote pamoja. Barasa akafurahi tu. Akaona dawa ya hofu ni kuizoea. Siku kundi la mvulana wa jirani lilipopita, akamshika Simiyu mkono akaingia naye katikati. Mtoto akatembea nao, uso umemkauka, lakini akatembea. Wakafika penye lango la mzee mmoja, na kama desturi, wakanyamaza ili mzee awasalimu.

Barasa anasema hakuona mtoto akitoka. Aliona mkono wake mwenyewe mtupu.

Tulimtafuta tangu asubuhi hiyo mpaka jua likasimama kichwani. Ni Nekesa aliyesema tusiite jina lake, kwa sababu akiitwa hatatoka. Alijua mwenyewe pa kwenda. Tukamkuta ndani ya mahindi, amelala kifudifudi, amejifunika mdomo kwa mikono yake yote miwili, macho wazi. Sikumwinua. Nililala chini kando yake na miaka yangu hii, nikatulia. Baadaye nikamwambia, "Simiyu, umetuchagulia njia ya siafu. Mmoja ameshafika mahali ambapo mjane hapaswi kufikiwa." Akatoa mkono mmoja mdomoni. Halafu akasema, "Kukhu, wamenyamaza kwa nini?" Nikamwambia, "Walikuwa wanamsalimu mzee. Njoo umwone, bado anaongea, huyo akianza hamalizi." Tukatoka tukijikung'uta.

Jioni ile nilimwendea Barasa. Alikuwa amekaa na panga mapajani ananoa.

Nikamwambia, kwa jina la mwanawe, "Baba Wekesa, mtoto si ndama wa kusukumwa kwenye josho."

Akasema, "Mama, na siku ile akikimbia? Mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pale. Mtoto wa ndugu yangu awe kicheko cha Lumakanda?"

"Kwa hiyo unaogopa kuchekwa."

Akageuza panga upande wa pili. Akasema, "Naogopa kwamba ndugu yangu ananiangalia."

"Na hilo panga la nini?"

"La kuni."

"Kuni za usiku?"

Akaendelea kunoa. Nikajua kwamba hata yeye halalagi. Nikaketi naye, tukaongea kama watu wazima wawili walioshikwa na hofu moja, na hapo ndipo tulipoelewana. Alisema jambo moja nililokuwa silijui: nikimwondoa mtoto mwaka huu, hakuna atakayemfukuza, lakini hatakuwa na watu wa rika lake hapa. Na mtu asiye na rika huku, siku ya shida anaita nani?

Pale zahanati kuna sista mmoja aliyewahi kukaa na watoto waliochomewa nyumba. Nilimpelekea Simiyu. Hakumlazimisha kusema kitu. Aliniambia mimi kwamba mtoto kama huyu anapoogopa, mwili wake unakuwa umerudi kule, hausikii ukimwambia acha ujinga, kwa hiyo nimpe kitu ambacho yeye ndiye anakishika, aanze kidogo, aache anapotaka. Lile neno, aache anapotaka, nilitembea nalo njia yote kurudi.

Nikampeleka kwa fundi wa vyuma, mchana kweupe, siku ya kawaida. Nikamwambia fundi, "Huyu anataka kengele, lakini leo anatazama tu." Fundi akampa moja, baridi, haijapata kishikio. Akaishika kama mtu anayeshika chura. Siku ya pili akaigonga mara moja, akaisimamisha na kidole. Nikamwona anaitazama. Akagonga tena, akasimamisha. Fundi akasema, "Wewe unapiga kengele au unaibana shingo?" Simiyu akacheka, dada. Alikuwa hajacheka mbele ya mtu mgeni tangu nije.

Zikawa zake. Nyumbani tukaanza mchezo wetu. Anagonga, Nekesa anaimba, mimi napiga makofi vibaya. Simiyu akizisimamisha, sote tunanyamaza, na kimya kinakaa mpaka yeye aseme. Mwanzoni alisema upesi, mara nyamaza, mara endelea, kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Siku hizi anakaa ndani ya kile kimya, anasikiliza. Nilimuuliza anasikia nini. Akasema, "Kuku. Na baba mdogo Barasa anakohoa. Na wewe, Kukhu, unapumua kama bomba la maji." Nikamwambia ashukuru kwamba napumua.

Na Nekesa, ambaye ananitazama sasa kwa jicho la upande, alikuwa haimbi. Kanisani kwa upande wa baba yao alikuwa anafungua mdomo tu. Alikuwa analala na viatu, na chini ya kitanda alikuwa na mfuko wa nguo zake na sweta la mdogo wake, umefungwa tayari. Sikuugusa ule mfuko. Mtu akilala vizuri kwa sababu ya mfuko, mwache na mfuko. Lakini viatu, siku moja niliona viko mlangoni. Sikusema kitu, nilivisugua matope nikavirudisha palepale.

Jambo jingine tunalolifanya ni kumtaja baba yao. Hapa walikuwa wamekatazwa, eti ukimtaja aliyekufa vibaya unaita ubaya. Mimi nikakataa. Tukipukuchua maharagwe kabla giza halijaingia, kila mtu anasema kitu kimoja ambacho baba yao alikifanya akiwa hai. Simiyu akasema alikuwa anaogopa vinyonga. Nekesa akasema alikuwa anaimba vibaya, anakosea maneno kwa makusudi ili mama yao amsahihishe. Barasa alipita akasikia, akasimama, akakaa, akachukua maharagwe. Akasema ndugu yake alimwibia suruali siku ya kwenda kuposa kwetu Mayoni. Unaikumbuka ile suruali fupi? Kumbe.

Sasa nije kwenye linalonikosesha usingizi, na hili silisemi mbele ya Simiyu, ametumwa kwa maziwa. Nimewafundisha watoto wasikimbie kengele. Je, wakija wale wengine? Nao wanakuja na chuma na filimbi. Wiki iliyopita, magharibi, nilikuwa nachukua udhu, nikasikia filimbi ng'ambo ya mto. Moja. Halafu nyingine ikaijibu upande wa juu. Hakuna kundi la mvulana lililotoka siku hiyo, niliuliza. Asubuhi yake Barasa na wazee wakakaa, wakakubaliana kwamba mwaka huu hakuna mvulana atakayezunguka baada ya jua kuzama, na kila kundi litangulize mtu wa kutaja linatoka boma gani. Kwa hiyo nimewaambia watoto waziwazi: kengele za mchana zenye jina la mtu mbele yake ni za furaha, simameni muimbe. Za usiku, au zisizo na jina, kimbieni, na msingoje ruhusa yangu. Kukimbia penye hatari si woga. Nekesa akauliza, "Na wewe, Kukhu?" Nikamwambia miguu yangu nitajadiliana nayo mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kufunga nguo zao nije kwako. Simiyu akanikuta. Hakulia, hakugomba. Akauliza, "Tukienda Mayoni sasa, tutarudi lini?" Nikakunja nguo moja mara ya pili. Akasema, "Kule ng'ambo pia tulisema tutarudi." Akatoka nje. Nikamsikia anagonga kengele, taratibu, anasimamisha, anagonga.

Basi jibu langu ni hili, Mariamu. Siwaleti kuficha. Simiyu atakuja mwenyewe.

Desturi ya huku inamtaka mvulana aende kwa mjomba wake, ndugu wa mama, na mjomba achinje ng'ombe, amvike nyama ya kifua shingoni, ndipo arudi kwao asimame. Mjomba wake ni Hamisi. Kawaida huwa siku moja kabla, lakini kwa ajili ya umbali Barasa amekubali iwe mapema zaidi. Watakuja wiki ya pili ya mwezi wa nane, mchana, Simiyu, Nekesa, Barasa na vijana wachache. Rehema atakuwa amefunga shule, atakutana nao njiani. Watashuka sokoni Mayoni na kutembea mpaka kwako na kengele. Hamisi asianze kuniambia hiyo si dini. Kuchinja ni kuchinja, aseme Bismillahi, amvike mtoto nyama, ampe mkono. Sikumwomba aimbe.

Sasa sikiliza, hili ni kubwa kuliko ng'ombe. Watoto wa hapo wasipulize filimbi. Na wakifika langoni kwako, kengele zitasimama. Msimwache mtoto ndani ya kimya cha watu wasiojulikana. Toka nje uongee. Lilalamikie goti lako, mtukane kuku, uliza mbona wamechelewa, chochote, mpaka akuone uso. Siku ya kisu kimya kitakuwapo, hakuna wa kukiondoa, na nimemwambia hivyo sikumficha. Barasa atakuwa nyuma yake. Nilimuuliza Barasa, "Utafanya nini ili ajue ni wewe?" Akafikiri sana, akasema, "Nitakohoa." Simiyu akamwambia, "Ukohoe kama ng'ombe mgonjwa, baba mdogo, nisikosee." Wakakohoa wote wawili pale uwanjani kama wazimu, mpaka jirani aliyeuza mbuzi akachungulia.

Sijui kama atasimama. Sitakudanganya. Ninajua tu kwamba sasa akiogopa anasema, na zamani alikuwa hasemi.

Mimi sitakuja nao. Boma likionekana tupu, yule mwenye koti zito atahesabu milango upya. Nitabaki niwashe moto jioni, nipike chungu kikubwa, niongee kwa sauti kama kuna watu wengi ndani.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, umwambie bado namdai heshima tangu aniite mchawi wa kuku. Msalimie wifi anayeuza mandazi, na mkwe wako mpya, mke wa mdogo, nasikia ana mimba, asibebe maji. Yule mjukuu wako anayesoma chuoni mwambie Kukhu wa Lumakanda anamwombea. Hamisi mbusu kwa niaba yangu, hata kama ataruka.

La mwisho, na Hamisi alisome wazi. Kama watoto watafika kwako kabla ya siku niliyotaja, wawili peke yao, bila kengele, usiwaulize niko wapi. Usilie mbele yao kwanza, utalia baadaye. Wape uji, wape maji ya kuoga, wape maharagwe wapukuchue, ukae kati yao. Watasema wakitaka. Na mpaka waseme, dada, usinyamaze.

Mdogo wako anayekupenda na ukali wake wote,
Zainabu